Uzuri wa tanga usitufumbe macho

Ukifungua simu siku hizi hukosi kukutana na picha ya merikebu kubwa yenye milingoti mitatu, minne au hata mitano, matanga meupe yamejaa upepo, na abiria wameegemea ukingoni wakitazama machweo. Chini ya picha kuna bei kwa dola na maneno ya kukuharakisha: nafasi zimebaki chache, lipia leo.

Wapo wenzetu katika ukanda huu wanaoweza kulipia. Wapo maharusi wanaopanga fungate, wastaafu waliojiwekea akiba, na ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba wanaotaka kuwaburudisha wazazi waliowasomesha kwa taabu. Hatuoni kosa katika hilo. Aliyetoka jasho ana haki ya kustarehe.

Kosa tunaloliona ni kuchagua chombo cha majini kama mtu anavyochagua kitenge, kwa kutazama rangi na kupapasa kitambaa. Kitenge kikichuja utakata cha kutandikia meza. Chombo kikikusaliti katikati ya maji hakuna cha kukata.

Huenda msomaji akauliza: gazeti linaloandika kila siku juu ya foleni za malori Malaba na ushuru wa forodha, safari za anasa zinalihusu nini? Jibu letu ni kwamba swali la namna ya kuchagua chombo si la matajiri peke yao. Anayelipa maelfu ya dola kupanda merikebu ya milingoti mitano na anayelipa nauli ndogo kuvuka kwenda kisiwani kuuza dagaa wanapaswa kuuliza maswali yale yale. Tofauti ni kwamba wa kwanza ana nafasi ya kujibiwa.

Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, vijana wa Kampala walipanda boti ya starehe iliyoitwa MV Templar kwenda kujiburudisha katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono. Boti ilibeba watu kupita uwezo wake. Mamlaka za Uganda zilieleza baadaye kwamba haikuwa imesajiliwa. Ilizama jioni ile karibu na ufuko, na watu zaidi ya 30 wakafa. Miezi miwili tu kabla yake, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara nchini Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha.

Waliokuwa Mukono walikwenda kustarehe na waliokuwa Ukara walikuwa katika shughuli zao za siku zote. Ziwa halikuwabagua. Kwa hiyo tunapozungumzia merikebu za matanga leo, msomaji ajue tunazungumzia pia boti ya Ggaba, mashua ya Minova na kivuko cha Ukerewe.

Tuanze na merikebu zenyewe. Anayetafuta safari ya aina hii kwanza ajue kwamba chini ya picha zinazofanana kuna bidhaa tofauti kabisa.

Zipo zile ambazo abiria ni mgeni wa hoteli. Mfano unaojulikana ni Royal Clipper, iliyoanza kazi mwaka 2000, yenye milingoti mitano, matanga 42, urefu wa mita 134 na nafasi ya abiria 227. Mtindo wake umeigwa kwa Preussen, merikebu ya mizigo ya Ujerumani ya mwaka 1902. Humo kuna mabwawa ya kuogelea na chakula cha mezani, na kuvuta kamba ni hiari. Ipo pia Sea Cloud, iliyoundwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1931 kwa ajili ya familia ya kitajiri ya Kimarekani, ambayo leo huchukua abiria 64 tu.

Zipo nyingine ambazo abiria ni baharia mwanafunzi. Europa, merikebu ya Uholanzi yenye milingoti mitatu ambayo mwili wake uliundwa mwaka 1911, huchukua watu hadi Antaktika. Huko abiria hupangiwa zamu usiku na mchana: kushika usukani, kukesha omoni akitazama mbele, kupandisha na kukunja matanga. Anayekwenda akitarajia kuamshwa kwa chai kitandani atashangaa anapogongewa mlango usiku wa manane, avae koti la mvua apande juu.

Hakuna iliyo bora kuliko nyingine. Mama wa miaka 70 mwenye maumivu ya magoti atafurahia ile ya kwanza na ataumia katika ya pili. Kijana anayetaka kujifunza ubaharia atachoka siku ya pili katika ile ya kwanza. Kwa hiyo mnunuzi aanze kwa kujiuliza mwenyewe, kabla ya kumuuliza wakala: ninakwenda kupumzika au kufanya kazi? Ngazi naziweza? Chumba chembamba chenye dirisha dogo nitakivumilia? Kichefuchefu cha bahari kikinishika siku tatu, nitasema fedha yangu imekwenda vizuri?

Swali la pili ni la upepo. Merikebu zote hizi zina injini, na nyingi huitumia zaidi ya picha zinavyoonyesha, kwa sababu ratiba ya bandari haimsubiri mtu. Upepo ukikataa, nahodha huwasha mashine. Si udanganyifu, ndivyo kazi ilivyo. Lakini anayelipia tanga ana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya safari kwa kawaida huenda kwa tanga. Safari yenye bandari mpya kila asubuhi mara nyingi itakuwa ya injini. Yenye siku kadhaa za bahari tupu ndiyo itakayokuonjesha upepo.

Swali la tatu ni la msimu, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tusingepaswa kufundishwa na mtu. Wazee wa pwani walipanga maisha yao kwa kaskazi na kusi. Majahazi yaliteremka kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi, yakarejea kwa kusi, na kusi ilipochafuka katikati ya mwaka, chombo kilikaa bandarini au kilipandishwa pwani kikapakwa mafuta. Hakuna nahodha aliyeona haya kusema leo hatutoki.

Wanaouza safari za Karibi wakati mwingine hupunguza bei kati ya Juni na Novemba. Mnunuzi hufurahi, bila kujua kwamba huo ndio msimu wa tufani za Atlantiki. Mwaka 1998, mwishoni mwa Oktoba, merikebu ya starehe iitwayo Fantome ilikuwa huko wakati tufani ya Mitch ilipokuja. Nahodha aliwateremsha abiria wote Belize, kisha akaondoka na mabaharia wake kutafuta maji salama nyuma ya visiwa vya Honduras. Tufani ikabadili njia ikamfuata. Watu 31 waliobaki ndani walipotea, na merikebu haikuonekana tena.

Tunaitaja Fantome kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba punguzo la bei lina maana yake. Ya pili ni kwamba hakuna abiria hata mmoja aliyekufa. Waliokufa wote walikuwa wafanyakazi. Vijana wetu wengi wa Mombasa, Dar es Salaam na nchi jirani wanatafuta kazi katika meli za starehe duniani, na vyuo vyetu vya ubaharia katika miji hiyo miwili vinawaandaa. Anayechagua merikebu na aulize pia mabaharia wake wanatendewaje, wana vyeti gani, wanapumzika saa ngapi. Baharia aliyechoka ni hatari kwa abiria, na kabla ya hapo ni hatari kwa nafsi yake.

Swali la nne ni la karatasi. Mwaka 2012 ulimwengu ulitazama picha za merikebu Bounty ikizama karibu na pwani ya North Carolina, Marekani. Ilikuwa imeundwa mwaka 1960 kwa ajili ya kupigiwa filamu. Tarehe 25 Oktoba iliondoka Connecticut ikiwa na watu 16, huku tufani ya Sandy ikitangazwa kila mahali. Siku nne baadaye ilizama. Walinzi wa pwani waliwaokoa 14. Mwanamke mmoja alikufa na nahodha hakupatikana. Wachunguzi wa ajali wa Marekani waliandika kwamba uamuzi wa nahodha kuipeleka merikebu ile kwenye njia ya tufani ulikuwa wa kutojali hatari.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba Bounty ilikuwa na kibali cha kutembelewa na watalii ikiwa imefungwa gatini, si cha kuwabeba abiria baharini. Mtu aliyeitembelea bandarini, akapiga picha na kuona mbao zake zimesuguliwa, asingeweza kuliona hilo kwa macho. Lilikuwa kwenye cheti. Ndiyo maana tunasema: uliza chombo kimesajiliwa nchi gani, kina cheti cha kubeba abiria wangapi, katika maji ya aina gani, na kilikaguliwa lini mara ya mwisho. Wakala mkweli atakuonyesha. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Swali la tano ni la mazoezi. Februari 2010, merikebu ya shule kutoka Canada iitwayo Concordia ilipinduliwa na upepo wa ghafla mbali na pwani ya Brazili. Ilikuwa na watu 64, wengi wao wanafunzi. Walikaa kwenye maboya ya kuokolea zaidi ya siku nzima kabla meli za mizigo hazijawafikia. Wote 64 walirudi nyumbani kwao. Wachunguzi walikosoa namna chombo kilivyoendeshwa, lakini pale kilipolala ubavu, watoto wale walijua jaketi liko wapi na boya linafunguliwaje.

Linganisha na Costa Concordia, meli kubwa ya kisasa yenye jina linalofanana, iliyogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012. Ufuo ulikuwa ukionekana kwa macho, na bado watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliopanda siku ile walikuwa hawajafanyishwa zoezi la dharura. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa: abiria wa safari za namna hiyo sasa wakusanywe na kuelekezwa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kwa hiyo ukipanda chombo na hakuna aliyekuonyesha jaketi lako na mahali pa kukusanyika, usione haya kusema.

Swali la sita ni la mfuko. Bei ya tangazo ni ya kitanda na chakula. Haijumuishi ndege kutoka Entebbe, Kigali au Bujumbura hadi bandari ya kuanzia. Mara nyingi haijumuishi vinywaji, ushuru wa bandari, matembezi ya nchi kavu wala bahashishi ya mabaharia. Anayesafiri peke yake hutozwa zaidi kwa kulala chumba cha watu wawili. Bima ya safari ya kawaida huenda isilipie kumtoa mgonjwa baharini kwa helikopta. Yote haya yaulizwe na kuandikwa kabla ya fedha kutoka mkononi, pamoja na swali hili: safari ikifutwa, ninarudishiwa kiasi gani na baada ya muda gani?

Kisha ipo viza, ambayo mawakala wa Ulaya hawaikumbuki kwa sababu wateja wao wengi hawaihitaji. Sisi tunaihitaji. Chukua safari inayoanza Ugiriki, ikapita bandari ya Uturuki, kisha ikarejea kisiwa kingine cha Ugiriki. Hapo umetoka eneo la Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja itakuacha bandarini ukiitazama merikebu uliyoilipia ikitweka matanga. Kila bandari katika ratiba na ikaguliwe kwa pasipoti yako wewe, si ya yule aliye kwenye picha.

Hapo ndipo tunapolazimika kuuliza: kwa nini twende mbali hivyo? Bahari yetu ina matanga yake. Jahazi la Lamu halina milingoti mitano. Lina mmoja, na tanga moja kubwa la pembe tatu, lakini nahodha wake amerithi elimu ya upepo iliyofikisha vyombo hadi Basra na Bombay. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ilitia nanga New York baada ya kutoka Zanzibar ikiwa na karafuu na pembe za ndovu. Si watu wa ukanda huu wa kuambiwa kwamba tanga ni utamaduni wa Ulaya.

Raia wa Uganda au Rwanda anaweza leo kufika Lamu kwa kitambulisho chake cha taifa, kwa makubaliano ambayo Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa nayo tangu 2014. Siku chache za jahazi kati ya Lamu, Manda na Pate zitamgharimu sehemu ndogo ya fedha ya Karibi, na fedha hiyo itabaki kwa fundi wa Matondoni, mpishi wa Shela na nahodha aliyekwenda naye. Huu ndio utangamano ambao mwananchi anaweza kuuona kwa macho, bila kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi.

Lakini hatuwezi kusema hivyo kisha tukanyamaza. Ukituuliza ni wapi utazame kujua kama jahazi fulani la Lamu, boti fulani ya Entebbe au chombo fulani cha Ziwa Kivu kina cheti halali, jibu ni kwamba utaambiwa uende ofisini, siku za kazi, ukaulize. Anayepanda Royal Clipper anaweza kukaa sebuleni kwake akaupata usajili wa chombo chake. Anayepanda boti ya Mukono hakuweza.

Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2007. Inaagiza usajili, ukaguzi na viwango vya usalama kwa vyombo vya ziwa hilo. MV Templar na MV Nyerere zilizama miaka 11 baada yake. Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova, Kongo, ilizama katika Ziwa Kivu ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao bandarini. Hatuna upungufu wa sheria. Tuna upungufu wa mahali ambapo abiria anaweza kujua kama sheria imefuatwa.

Ni rai yetu, basi, kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki na mamlaka za usafiri wa majini za nchi wanachama, mambo matatu yafanyike.

La kwanza, iwepo orodha moja ya vyombo vyote vinavyobeba abiria katika maziwa na pwani yetu, ikionyesha jina la chombo, idadi ya abiria inayoruhusiwa na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Mtu aweze kuisoma kwa simu ya kawaida, kwa ujumbe mfupi. Na iwe kwa Kiswahili, kwa kuwa wakuu wetu walikubali mwaka 2021 kwamba hiyo ni lugha rasmi ya Jumuiya. Lugha rasmi isiyomsaidia abiria kujua kama boti yake ni salama itakuwa rasmi kwa hotuba tu.

La pili, idadi ya abiria iandikwe ubavuni mwa kila chombo kwa tarakimu zinazosomeka kutoka gatini, na chombo kilichozuiwa upande mmoja wa ziwa kisipate kazi upande wa pili. Mpaka haumzuii mvuvi wala samaki. Usiwe kichaka cha mwenye boti mbovu.

La tatu, mafunzo. Zoezi la jaketi lichukue dakika mbili kabla ya kila safari, iwe ya saa moja au ya wiki moja. Abiria wa Concordia hawakuokolewa na utajiri. Waliokolewa na zoezi.

Kwa msomaji anayepanga safari yake ya matanga, iwe Karibi, Ugiriki au Lamu, tunamtakia upepo mwema. Achague kwa miguu yake, kwa msimu, kwa cheti, kwa mazoezi na kwa mfuko, na picha iwe ya mwisho. Akirudi salama, siku atakapopanda boti ya kwenda kwa shangazi yake kisiwani, aulize maswali yale yale kwa sauti ile ile, na wenzake waliokaa kwenye benchi moja naye wamsikie.